Hedhi imepotea miezi minne: kabla hujanunua dawa ya "kubalansi homoni"

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Tanga, ni fundi cherehani. Nimeolewa mwaka wa pili huu na bado sijapata mtoto. Tangu usichana siku zangu huja zikitaka, ila sasa ni mwezi wa nne sijaziona, na nikipima mimba sina. Tumbo limeongezeka, nina chunusi, na kidevuni nina vinyweleo ambavyo huwa nanyoa kwa siri. Jirani anasema homoni zimevurugika. Kuna dada anauza unga wa mitishamba wa kubalansi homoni, pamoja na vidonge vya kuweka ukeni vya kusafisha kizazi. Chakula changu ni cha kawaida: asubuhi chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi, mchana wali maharage na soda, usiku ugali kwa dagaa au samaki. Nile nini, na nitumie dawa gani ya asili, homoni zikae sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuvitaja vinyweleo vya kidevuni. Wanawake wengi huvificha hata mbele ya daktari, na katika yote uliyoandika hicho ndicho kinachosema mengi zaidi.

Nianze na ule unga, maana huenda pesa umeshaanza kuiweka pembeni. Usiununue. "Homoni kuvurugika" si jina la ugonjwa. Mwenye tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri ataambiwa homoni zimevurugika. Mwenye prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, iliyopanda ataambiwa hivyo hivyo, na aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango juzi, na mama wa miaka 48 anayekaribia kukoma hedhi. Hao wanne wana matatizo manne tofauti, na mengine si matatizo kabisa. Anayewauzia wote paketi moja hajui anatibu nini.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi: hakuna anayejua kilichomo. Si mara moja unga na vidonge vinavyoitwa vya asili vimekutwa vimechanganywa na dawa za hospitali, hasa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni. Mtu akizitumia, hamu ya kula inarudi, uso unajaa, maumivu yanapoa, naye anaamini dawa imefanya kazi. Huku ndani presha na sukari vinapanda, na hedhi yenyewe inaweza kukatika zaidi. Mitishamba kama mitishamba sina ugomvi nayo, na nitaizungumzia huko mbele.

Vile vidonge vya ukeni viache kabisa. Uke una bakteria wake wanaoulinda kwa kutengeneza asidi, na hauhitaji kusafishwa kwa ndani. Ukiweka kitu kikali ngozi laini ya mle inababuka na kutoa ute na utando, kisha muuzaji anakuonyesha na kukwambia ni uchafu wa kizazi uliokuwa unazuia mimba. Ni kidonda kinachoanza. Tena hedhi yako haijakwama ukeni. Amri ya kupevusha yai hutoka kwenye ubongo, huenda kwenye ovari, mahali mayai yanapokaa, na huko ndiko tunakotakiwa kutafuta.

Sasa tuchambue. Kabla ya yote nijibie moyoni mwako maswali machache, na majibu uende nayo kwa daktari. Umewahi kuchoma sindano ya miezi mitatu? Sindano ile huchelewa kutoka mwilini. Kwa kawaida uwezo wa kushika mimba hurudi baada ya miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi ya hapo. Unatumia P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mara kwa mara? Hiyo ni dozi kubwa ya homoni kwa mpigo mmoja, na anayeimeza kila mara hawezi kujua tena mzunguko wake halisi. Unapaka mkorogo? Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali zinazopenya hadi kwenye damu, na anayejipaka mwili mzima kwa miaka anaweza kufika mahali tezi zake za juu ya figo zikaacha kutengeneza homoni yake ya asili. Unameza dawa ya kichefuchefu au ya matatizo ya akili kwa muda mrefu? Baadhi yake hupandisha prolaktini. Na je, ukibonyeza titi maziwa hutoka? Hilo nalo ni la prolaktini. Likija pamoja na maumivu ya kichwa na macho kuona kiza pembeni, usisubiri.

Ukiyaondoa hayo, picha uliyonichorea, yaani hedhi isiyotabirika tangu usichana, vinyweleo vya kidevu, chunusi na unene wa tumbo, inafanana sana na hali inayoitwa PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi. Nasema inafanana. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na hata daktari hawezi kuithibitisha kwa barua. Ni hali ya kawaida kuliko watu wanavyodhani: karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Tangu mwaka 2003 madaktari huitambua kwa mambo matatu: yai kutopevuka kwa mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa juu, na ovari kuonekana na vifuko vingi vidogo kwenye altrasaundi. Ukiwa na mawili kati ya hayo, na magonjwa mengine yanayofanana nayo yakishaondolewa, basi unayo. Kwa hiyo mtu mwenye dalili zako anaweza kugundulika hata bila altrasaundi.

Na hapo kwenye altrasaundi ndipo hofu nyingi huanzia. Mtu hutoka na karatasi akaambiwa ana "uvimbe kwenye mayai", usiku halali, anawaza upasuaji. Vile ni vifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Havigeuki saratani, havikatwi, wala havihitaji dawa ya kuviyeyusha.

Kwa nini yanaishia njiani? Kwa wengi wenye PCOS mzizi ni insulini, na hapo ndipo chakula kinapoingia. Insulini hutoka kwenye kongosho, na kazi yake ni kubisha hodi kwenye seli ili sukari iliyo kwenye damu ipokelewe. Kwa baadhi yetu seli za misuli na ini huwa nzito wa kusikia. Kongosho linapandisha sauti, linabisha kwa nguvu zaidi, mpaka sukari inaingia. Lakini ovari masikio yake ni mazima. Makelele yale inayachukua kama amri ya kutengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume, zaidi. Wakati huohuo ini linapunguza ile protini inayoibeba testosteroni na kuituliza, kwa hiyo nyingi inabaki huru kwenye damu. Ndiyo hiyo inayootesha vinyweleo kidevuni, inayoleta chunusi, na inayozuia yai kukomaa. Tumbo likiongezeka, usikivu wa insulini unazidi kupungua, na duara linajifunga.

Ndiyo maana sitakupa orodha ya "vyakula vya homoni". Hakuna tunda linalopandisha projesteroni, homoni ya kike. Kinachowezekana, na kinachofanya kazi, ni kuipunguzia insulini makelele, siku hadi siku, kwa chakula kile kile unachonunua sokoni.

Tuchukue siku yako kama ulivyoiandika. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote: sukari ya chai juu ya unga mweupe wenye sukari uliokaangwa, na hakuna protini hata chembe. Saa nne njaa imerudi na unatafuta kitu kitamu. Hapa badilisha kweli. Yai moja au mawili ya kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana ukayapasha, pamoja na kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha. Chai ishushe kutoka vijiko vitatu hadi viwili, wiki mbili baadaye kimoja. Ulimi unazoea haraka kuliko unavyodhani, hasa ukitia tangawizi na iliki. Ukipenda maziwa, weka. Watu wengi hukimbilia uji wa lishe wakidhani wamepona. Uji wa ulezi ni chakula kizuri, lakini nafaka iliyosagwa laini, ikapikwa ikalainika, kisha ikatiwa sukari, hupandisha sukari ya damu upesi. Ukiunywa, uwe bila sukari na uuambatanishe na karanga au yai.

Wali maharage ni mlo ninaouheshimu. Tatizo ni kipimo: kwenye sahani nyingi wali ni mlima na maharage ni mchuzi wa kulowanishia. Geuza. Maharage yawe mengi kama wali au zaidi, na nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, bamia, kabichi, au kachumbari. Kisha uanze kula mboga na maharage, wali uje mwisho. Hilo la mpangilio linaonekana kama mchezo, lakini kula mboga na protini kwanza kumeonekana kwenye vipimo kushusha mpando wa sukari na insulini baada ya mlo. Kunde, choroko, mbaazi na dengu ni mule mule. Nazi usiiogope kwenye mboga. Usiile tu kila siku kwa kila kitu.

Soda iache. Sikuandikii upunguze, naandika uiache, maana ndicho kitu kimoja kwenye siku yako ambacho hakina faida yoyote ya kufidia. Chupa ya nusu lita ya kola ina sukari zaidi ya gramu 50, ambayo ni kama vijiko vya chai 13, nayo inaingia kwenye damu bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana 25. Juisi ya dukani ni ndugu yake soda. Na uko Tanga, machungwa ya Muheza yako mlangoni: kula chungwa zima na nyama zake, usikamue manne ukanywa kwa dakika moja.

Usiku wako ni mzuri. Dagaa wenye vichwa na mifupa wana protini, kalsiamu na mafuta ya samaki. Ugali uwe wa dona kama unapata mahindi makavu yasiyo na ukungu, na uwe kama ngumi yako, mboga zizidi. Samaki mpike kwa mchuzi au mchome mara nyingi kuliko unavyomkaanga.

Mtandaoni utakutana na walimu wa kila aina: acha wanga wote, acha maziwa, funga saa 18, kunywa ndimu na siki. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 uliangalia ushahidi na haukukuta mpango mmoja wa chakula unaoshinda mingine. Unaoufaa mwili wako ni ule utakaoweza kuufuata mwaka kesho. Kama una uzito wa ziada, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Lakini wapo wembamba wa mbavu wenye PCOS vilevile, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie umejitakia kwa kula.

Kuna jambo la kazi yako. Fundi cherehani hukaa kutwa, na anayefanya kazi ni mguu mmoja na macho. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na hii kwangu ndiyo habari njema kuliko zote kwa mtu ambaye seli zake hazisikii. Dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha mchana, kabla hujarudi kwenye mashine, zina thamani kubwa. Kwa wiki lenga dakika 150 za mwendo wa haraka, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, na mara mbili kwa wiki ufanye kitu cha kutia nguvu misuli: kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma ukutani, kubeba ndoo. Na mkesha wa kumalizia nguo za wateja usiku wa kuamkia sikukuu uwe wa sikukuu tu. Kulala saa chache kwa mfululizo hupunguza usikivu wa insulini hata kwa mtu mzima wa afya.

Sasa dawa za asili. Uwatu nauunga mkono kama chakula: una nyuzinyuzi zinazovimba kwenye maji na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kijiko cha chai kilicholowekwa usiku, ukakichanganya kwenye chakula, kinatosha. Ukishika mimba uache, na kama unameza dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda mwambie daktari kwanza. Mdalasini tia kwenye chai na pilau kwa raha zako. Usile kwa vijiko, kwa sababu aina nyingi za madukani ni kasia, yenye kumarini inayoumiza ini ikizidi. Chai ya nanaa imeonyesha kushusha testosteroni kidogo katika tafiti ndogo, ingawa vinyweleo havikupungua katika muda ule mfupi, inywe ukiipenda. Habasoda ni kiungo kizuri, sina zaidi ya kusema.

Kuhusu mwani, kwa kuwa huko pwani unauzwa sana sasa kama dawa ya tezi: tahadhari. Tezi ya shingoni inahitaji madini joto, lakini yakizidi nayo inaharibika. Chumvi ya kawaida iliyoandikwa ina madini joto, ikahifadhiwa kwenye chombo chenye kifuniko na kutiwa chakula kinapokaribia kuiva, inakutosha. Chumvi ya mawe na ile ya waridi ya bei ghali mara nyingi hazijaongezewa madini hayo.

Na kwa wanaosema hospitali huchukia miti: metformini, dawa ambayo daktari anaweza kukuandikia kwa ajili ya insulini, asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumika na waganga wa kienyeji wa huko kwa karne nyingi. Leo tunaimeza kwa sababu kipimo chake kinajulikana, na madhara yake yanajulikana.

Wiki hii nenda hospitali ya mkoa, uonane na daktari wa magonjwa ya wanawake. Tarajia kupimwa mimba tena (kwa sababu yai linaweza kupevuka bila wewe kutangulia kuona damu), kipimo cha tezi ya shingoni kiitwacho TSH, prolaktini, testosteroni, sukari, presha, na labda altrasaundi. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha, angalia kama vina biotini, uvisimamishe siku mbili tatu kabla ya damu kuchukuliwa na umwambie mpimaji. Biotini huweza kupotosha majibu ya tezi, na mtu akatibiwa ugonjwa asio nao.

Mambo mengine hayahitaji kusubiri lishe. Hedhi ikikosekana zaidi ya siku 90, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaweza kuendelea kunenepa bila kumwagika, na ukiachwa hivyo kwa miaka unaweza kuleta saratani. Daktari anaweza kukupa vidonge vya siku chache vya kuiteremsha damu. Vimeze. Haimaanishi lishe imeshindwa. Na kama vinyweleo vimeongezeka ghafla ndani ya miezi michache, au sauti imeanza kuwa nzito, nenda kesho, kwa sababu hilo linahitaji kutafutiwa chanzo kingine.

Kidevu chako endelea kunyoa au kutoa kwa uzi bila wasiwasi. Wembe hauzidishi nywele. Alama nyeusi usizipake krimu ya kung'arisha. Nywele hukua polepole, kwa hiyo hata matibabu yakifanya kazi, mpe kidevu miezi sita kabla ya kuhukumu. Hedhi hubadilika mapema zaidi: andika tarehe kwenye simu kila inapokuja, miezi mitatu hadi sita, nawe utaona.

Hukuniuliza moja kwa moja kuhusu mtoto, lakini umelitaja. PCOS si utasa. Wengi hushika mimba wenyewe mpangilio ukirudi, na wasioshika wana dawa ya kupevusha yai, letrozoli, inayoanza kutumika kwanza na inayofanya kazi kwa wengi. Anza sasa vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujengeka kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Na mumeo naye apime manii mapema, msisubiri wewe umalize matibabu ya mwaka mzima. Ni kipimo chepesi, hakiumi, na kwenye ndoa nyingi zinazochelewa kupata mtoto sababu huwa iko upande wa mume pia. Mwende pamoja siku hiyo hiyo ya vipimo vyako.